Ekzosi ya skuta iliyoliwa na kutu: kuitibu au kuibadilisha ukiwa nyumbani Mombasa

Upepo wa chumvi unalaumiwa kwa kila kitu Mombasa, na kwa ekzosi lawama ni nusu tu. Kinachoimaliza sailensa mara nyingi kimo ndani. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa takribani lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke. Skuta ikienda nusu saa bila kuzimwa, chuma chote hushika moto na mvuke huishia nje. Lakini skuta inayotoka Mji wa Kale hadi soko la Marikiti, ikazimwa, ikawashwa tena kurudi, haifiki moto huo. Mvuke hugeuka maji ndani ya sailensa, yakachanganyika na masizi na tindikali za moshi, yakalala pale chini usiku kucha. Ndiyo maana sailensa ya skuta ya kwendea dukani inaweza kuoza kabla ya ile ya boda inayoshinda barabarani, ingawa hiyo ya boda ndiyo inayorushiwa maji ya bahari kwenye gati la feri Likoni kila siku.

Kwa hiyo tundu unaloliona leo lilianza zamani, na bati linalolizunguka limeshakuwa jembamba. Kabla hujanunua chochote, jua chuma kilichobaki ni kiasi gani.

Kuipima

Ngoja injini ipoe kabisa. Fungua kinga ya joto, kile kibao kinachozuia mguu usiungue. Huwa kimeshikwa na skrubu mbili au tatu. Chini ya kinga hiyo ndiko uchafu na chumvi hujificha, kwa hiyo sugua kwa brashi ya waya hadi uone chuma. Sasa chukua bisibisi na ugonge kwa mpini wake, taratibu, kuanzia pale bomba linapotoka kwenye injini hadi mdomo wa nyuma. Chuma kizima hulia "ngi". Kilichooza hujibu "pu", kama unagonga boksi. Ukipata "pu", geuza bisibisi na usukume ncha kwa nguvu ya mkono tu, bila nyundo. Ikizama, pale hakuna chuma tena, kuna kutu iliyoshikwa na rangi.

Sehemu za kuchunguza kwa makini ni tumbo la sailensa upande wa chini, mshono ambapo bomba la mbele linaingia kwenye sailensa, na breketi zinazoifunga kwenye injini. Tundu moja au mawili yasiyozidi milimita 5, yenye chuma kigumu kuyazunguka kwa sentimita 2 kila upande, yanatibika. Eneo linalobonyea likiwa kubwa kama kiganja, usipoteze muda: badilisha. Breketi iliyochanika huku sailensa ikiwa nzima inahitaji kuchomelewa, hakuna dawa ya kupaka itakayoishikilia, kwa sababu pale uzito wote unaning'inia na kutikisika. Na ukiitikisa sailensa ikalia ndani kama kayamba, vizuizi vya moshi vimeachia. Hiyo nayo ni ya kubadilisha, maana kuipasua, kuitengeneza na kuifunga tena kutakula pesa karibu na mpya.

Kuna tundu moja ambalo si ugonjwa. Sailensa nyingi zina kitobo cha milimita 2 au 3 sehemu ya chini kabisa, kimetobolewa kiwandani ili maji yatoke. Ni duara safi, halina kingo zilizochakaa. Watu wengi hukiona kikitoa moshi kidogo asubuhi wakakiziba au wakampa fundi akichomelee, na kuanzia siku hiyo maji hayana pa kutokea. Kitafute kabla ya kuanza, kizibue kwa waya, kisha ukiache.

Kama huoni tundu lakini unasikia moshi unavuja, washa injini ikiwa baridi na umwombe mtu azibe mdomo wa nyuma kwa kitambaa kinene kilicholowa maji, kwa sekunde mbili tatu tu. Mahali panapovuja patalia "sss". Maji ya sabuni yakipakwa kwenye mshono yatatoa mapovu. Mlio wa "tak-tak" karibu na injini, unaofifia chuma kikipata moto, ni gasketi ya mbele au nati zilizolegea, na masizi meusi kwenye flenji, yaani ile sahani ya bomba inayobanwa na nati, yatathibitisha. Ukiachia aksela kwenye mteremko wa daraja la Nyali skuta ikatoa vishindo "pa! pa!", hewa inavutwa kupitia tundu na kuwasha petroli ambayo haikuungua, mara nyingi tundu hilo liko mbele, si nyuma.

Majaribio haya yafanye nje penye upepo. Nyumba nyingi za Mji wa Kale skuta hulala ndani ya daka au kwenye ujia mwembamba, na moshi ukijaa pale hauna pa kwenda isipokuwa vyumbani. Kaboni monoksaidi iliyomo haina rangi wala harufu, na inaua. Ekzosi inayovuja mbele ni mbaya zaidi kwa sababu moshi hutokea chini ya kiti.

Nati za mbele: hapa ndipo kazi huharibika

Kuifungua ekzosi ni kazi ya dakika ishirini, au ya siku tatu. Tofauti ni zile nati mbili za mbele. Bomba limeshikwa kwenye kichwa cha injini na stadi mbili, yaani bolti zisizo na kichwa zilizopandwa ndani ya alumini. Skuta ndogo huwa na stadi za milimita 6, zenye nati ya spana 10. Kubwa kidogo huwa na za milimita 8, spana 12 au 13. Zinapata moto kuliko nati yoyote nyingine kwenye skuta, ziko chini zinakorushiwa maji, na baada ya miaka michache ya Mombasa nati hupoteza pembe zake ikawa mviringo kama kokwa. Stadi ya milimita 6 iliyoliwa kutu hukatika kwa mkono wa mtoto.

Anza jana yake. Sugua nyuzi za stadi zinazotokeza kwa brashi ya waya, kisha pulizia mafuta ya kulegeza nati. Rudia baada ya saa moja, rudia tena kabla ya kulala. Usipulizie kamwe kwenye chuma cha moto, mafuta hayo huwaka. Asubuhi ipige nati kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha chuma, mapigo mepesi mengi badala ya moja zito. Mtikisiko ndio unaopasua kutu na kuyaingiza mafuta.

Tumia soketi yenye pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili hushika nati kwenye ncha tu, na nati iliyochakaa itazunguka ndani yake. Spana ya mdomo wazi usiiguse. Nati ikiwa imeshalika, jaribu kugongea kwa nguvu soketi ndogo kidogo, kwa mfano ya inchi 3/8 badala ya milimita 10. Geuza robo kulegeza, ikigoma rudisha kidogo kukaza, ongeza mafuta, geuza tena. Kwenda na kurudi ndiko kunakoisafisha njia. Nati ikilegea ghafla kama siagi, simama: aidha imefunguka, au stadi inajipinda na iko njiani kukatika. Angalia kama ncha ya stadi inazunguka pamoja na nati. Ikizunguka pamoja na kutoka nzima kwenye alumini, usihuzunike, umepata nafasi ya kuweka mpya.

Nati ikikataa kabisa, joto. Aluminium hutanuka takribani mara mbili ya chuma, kwa hiyo moto ukilenga sehemu ya alumini inayoizunguka stadi, tundu hupanuka zaidi ya stadi yenyewe. Tatizo ni petroli. Tangi la skuta huwa chini ya kiti au chini ya miguu, na kabureta iko karibu. Bila kulitoa tangi na mpira wake, moto wa gesi hauna nafasi hapo. Njia salama zaidi ni kuwasha injini dakika tano, kuizima, kungoja hadi chuma kivumilike kwa glovu, kisha kujaribu.

Stadi ikikatika? Kikibaki kipande kinachotokeza, kaza nati mbili juu yake, moja dhidi ya nyingine, halafu ugeuze ile ya ndani. Kikiwa kifupi mno, plaisi ya kujifunga. Ikiwa imekatika sawa na alumini, alama ya katikati kwa senta panchi, kisha drili ya milimita 3, polepole, mafuta yakidondoka, ukilinda mkono usiinamie upande. Drili ikikosea katikati italila alumini, maana ni laini kuliko stadi. Kama huna mkono wa kazi hii, huu ndio wakati wa kumpelekea fundi mwenye mashine. Tundu likiharibika bado linaweza kutiwa koili ya nyuzi, yaani waya uliozungushwa unaofanya nyuzi mpya, lakini ni gharama ambayo hukuipanga.

Baada ya nati za mbele zilizobaki ni nyepesi: bolti mbili au tatu zinazoifunga sailensa kwenye ubavu wa injini, kwa kawaida spana 12 au 14. Fungua hizi mwisho, mkono mmoja ukiibeba sailensa. Ukizifungua kwanza, uzito wote utaning'inia kwenye stadi za mbele. Skuta mpya zenye mfumo wa sindano ya mafuta huwa na kihisi cha oksijeni kwenye bomba. Chomoa plagi yake ya waya kwanza, usivute waya. Vespa za zamani, zile za kuchanganya oili na petroli, ni tofauti: bomba hushikwa na klemu kwenye shingo ya silinda na bolti kubwa kwenye injini, na ni rahisi zaidi ukitoa gurudumu la nyuma. Hizo huziba kwa kaboni kabla ya kuoza. Skuta ikikosa nguvu huku ekzosi ikionekana nzima, chungulia ndani ya bomba kwanza.

Kuitibu

Tuanze na dawa ya muda. Kwa tundu dogo kwenye sailensa, sugua hadi chuma king'ae sentimita 3 kuzunguka tundu, futa kwa thina, paka pasta ya ekzosi, kisha funika kwa kipande cha bati la mkebe wa maziwa kilichokunjwa kufuata umbo, ukikibana kwa klemu mbili za chuma, zile za kufungia mipira ya maji. Pasta hukauka kwa moto: iache saa kadhaa kama kopo linavyoelekeza, kisha washa injini isage kwa dakika kumi bila kuikanyagia. Hii itakuvusha wiki au miezi. Kwenye bomba la mbele usijisumbue, joto na mtikisiko wa pale huipasua pasta haraka.

Dawa ya kweli ni kuchomelea, na ekzosi iwe imeshatoka kwenye skuta. Anayekuambia "tunachoma hapo hapo" anacheza na tangi lako, na umeme wa mashine unaweza kuua kontrola ya skuta, yaani kompyuta yake ndogo. Kata sehemu iliyooza hadi ufikie chuma kigumu. Kiraka cha kupachikwa juu ya kutu kitaachia pembeni, kwa sababu moto wa kuchomelea unatoboa kila palipo pembamba na fundi atakuwa anafukuza tundu moja akizaa jingine. Kiraka kiwe cha shiti ya chuma cheusi ya geji 18, karibu milimita 1.2. Usikubali kipande cha bati la kuezekea. Bati hilo limepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomtia fundi homa na baridi usiku huo, na mshono wenyewe huwa na vishimo. Mashine ya MIG (ya kuchomelea kwa waya) au gesi hufaa. Kwa mashine ya kawaida ya fimbo, fimbo ziwe nyembamba, milimita 2 au chini ya hapo, na fundi achome nukta nukta akiacha chuma kipoe. Fimbo ya 2.5 kwenye bati la milimita moja hutoboa kuliko inavyoziba.

Ikisharudi, ziba kitobo cha maji kwa kidole, puliza kwa mdomo upande mmoja huku mwingine umezibwa, na maji ya sabuni kwenye mshono. Kagua kabla ya kulipa.

Kununua na kufunga mpya

Ibebe ile ya zamani hadi duka la spea. Jina la skuta halitoshi. Skuta za Kichina zenye injini ya GY6 hufanana kwa macho lakini ya gurudumu la inchi 10 na ya inchi 12 haziingiliani kwa urahisi. Weka zote mbili kaunta, linganisha nafasi kati ya matundu mawili ya flenji, mahali pa breketi, mpindo wa bomba, na kama kuna tundu la kihisi. Iinue kwa mkono: ile nyepesi sana ina bati jembamba, na kwa hewa hii haitakaa. Ukiambiwa ni stenlesi, sumaku haikupi jibu kamili, kwani stenlesi ya ekzosi mara nyingi ni ya aina inayoshikwa na sumaku. Ung'avu wa kromu nao si stenlesi. Kromu ikichubuka, kutu hutambaa chini yake.

Zile za wazi za kupiga kelele ziache. Mbali na majirani na kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za mwaka 2009 kuhusu kelele, moshi ukitoka kwa wepesi kuliko ilivyopangwa, mchanganyiko hupungukiwa petroli, injini hukaa moto kupita kiasi, na utalazimika kubadilisha jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli.

Nunua pia gasketi mpya, nati mbili mpya na, kama zimeliwa, stadi mbili. Gasketi ya ekzosi ni pete inayojibana mara moja tu. Ukiirudisha ya zamani itavuja hata ukikaza hadi stadi ikatike, na hivyo ndivyo nyingi hukatika. Ing'oe ile ya zamani kwenye mdomo wa injini kwa bisibisi ndogo. Imejibana hadi inaonekana kama sehemu ya alumini, na wengi huweka mpya juu yake bila kujua.

Kabla ya kuifunga, ipake. Rangi ya kiwandani kwenye ekzosi za bei ya chini ni ya kuonea macho tu. Msasa namba 240, thina, kisha rangi ya joto kali ya nyuzi 600, makoti matatu mepesi, dakika kumi na tano kati ya moja na jingine. Paka saa nne hadi saa tisa mchana kukiwa kukavu. Jioni hewa ina unyevu na rangi hupauka. Iache siku nzima, kisha iokwe kwa injini yenyewe: dakika kumi, ipoe, dakika ishirini, ipoe, nusu saa. Itatoa moshi na harufu, ni kawaida.

Kufunga kuna mpangilio wake. Paka grisi ya shaba kwenye nyuzi za stadi na bolti zote. Bandika gasketi mdomoni kwa tone la grisi isidondoke. Ingiza flenji, weka nati mbili kwa vidole tu. Kisha bolti za ubavuni, nazo kwa vidole. Zote zikiwa zimeshika, kaza nati za mbele kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule, ili flenji ikae sawa. Stadi ya milimita 6 inatosheka na takribani Nm 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), ya milimita 8 Nm 20 hivi. Kama huna spana ya kupimia, shika spana fupi karibu na kichwa chake na utumie kiganja, si bega. Bolti za ubavuni hukazwa mwisho. Ukianza nazo, bomba litavutwa pembeni, flenji itakaa mshazari, na mtikisiko utaichana breketi mpya pale pale ya zamani ilipochanika.

Washa, sikiliza, rudia jaribio la kitambaa. Baada ya kilomita 50 hivi, injini ikiwa baridi, zikaze tena nati za mbele. Gasketi huwa imejibana na nati zimepata nafasi.

Isioze tena upesi

Mara moja kwa wiki ipe skuta safari ya kweli, dakika ishirini na tano au thelathini mfululizo, kama kwenda Mtwapa kwa mfano, ili maji yote yatoke ndani. Ukivuka feri, isuuze ikishapoa. Lakini angalia ni maji gani. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na anayeosha skuta kila jioni kwa maji ya kisima anaipaka kile anachotaka kuiondolea. Maji ya mvua au ya mfereji usio wa kisima, ndoo nusu, yanatosha, kisha iwashe dakika kumi ikauke. Skuta itakayokaa wiki kadhaa bila kutumika wakati wa masika, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa ikiwa kavu na baridi, na kitambaa hicho kiwe chekundu na kining'inie nje, asije mtu akaiwasha nacho.